Chini ina njaa, juu imevimbiwa: kisa cha CG125 iliyohamia milimani

Pikipiki ya kisa hiki ilipita kwa mafundi watatu kabla ya kufika kwangu, na nusura ichongwe silinda bure. Nakiandika kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi gereji, na kwa mwenye pikipiki ya zamani ambaye kila akienda kwa fundi anaambiwa anunue kitu kipya. Mwenyewe ameniruhusu. Jina lake, mji wake na mafundi waliotangulia nimewaacha nje. Vipimo ni vile nilivyoandika kwenye daftari la kazi.

Pikipiki na safari yake

Ni Honda CG125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwenyewe ni bwana shamba mstaafu, nitamwita Mzee. Aliinunua pale mradi aliokuwa anaufanyia kazi ulipofungwa na vitu vyake kuuzwa, akaitumia miaka yote mkoani Tanga, karibu na bahari.

Honda ilianza kutoa CG125 mwaka 1976. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 124 na valvu zake zinasukumwa na fito, hakuna mnyororo wa kupanda juu hadi kwenye kichwa cha silinda. Ilikuwa injini ngumu, isiyodeka, na viwanda vya Uchina vikaiga sana. Ndiyo maana bodaboda nyingi za 125 na 150 zinazopita mbele ya gereji yangu ukizifungua unakutana na ndugu zake. Kwa hiyo ninayoyaeleza hapa hayamhusu mwenye Honda peke yake.

Mzee alipostaafu alirudi kwao, mji ulio Nyanda za Juu Kusini, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Pikipiki ilipandishwa kwenye lori pamoja na vyombo vya nyumbani, ikafika, ikasimamishwa kibandani miezi 14 wakati yeye anajenga. Tanki lilikuwa nusu na koki haikufungwa. Petroli ikisimama, sehemu nyepesi zinaruka hewani na kinachobaki kinaganda. Ndani ya bakuli la kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, ilikuwa inakauka, nyingine inashuka kutoka tangini kujaza pengo, nayo inakauka. Kila mzunguko unaacha utandu wake. Miezi 14 ya namna hiyo ni mingi.

Basi kuna mambo mawili makubwa hapo, kusimama muda mrefu na kuhama kutoka pwani kwenda mlimani. Mafundi watatu waliitengeneza pikipiki hii bila kuyajua yote mawili. Mzee hakuona sababu ya kuyasema, nao hawakumuuliza.

Ilikopita kwanza

Ilipotolewa kibandani iligoma kuwaka mpaka choki, kile kizibo cha hewa cha kuwashia injini baridi, ivutwe yote, na choki ikirudishwa inazima. Haikai sailensa, yaani kuunguruma taratibu yenyewe, hata kidogo. Fundi wa kwanza akashusha kabureta, akaipuliza kwa kompresa, akachokonoa jeti kubwa, kile kijiskrubu chenye tundu la kupimia petroli, kwa waya wa breki. Slojeti, jeti ndogo ya mwendo wa chini, hakuitoa kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeliwa na bisibisi ya mtu mwingine, miaka ya nyuma huko.

Ikawaka, lakini ikawa inakosa nguvu pale unapoanza kufungua resi, mkono wa kuongeza mafuta. Fundi wa pili akasema inakosa mafuta. Kwa sehemu hiyo ya resi alikuwa sahihi kabisa, na hili nataka lieleweke. Dawa yake ndiyo iliyokuwa ya mahali pengine: akapandisha sindano, akatoa jeti kubwa ya 100 na kuweka ya 110 aliyoitoa kwenye pikipiki nyingine, kisha akakaza boliti mbili za kabureta kwa nguvu zake zote ili isivute hewa. Jeti ya zamani akampa Mzee, na Mzee akaitia kwenye kichupa cha vidonge. Kichupa hicho kilikuja kutusaidia sana.

Baada ya hapo pikipiki ikaanza kutoa moshi na kula mafuta. Tanga lita moja ilimpeleka kilomita 40 hivi. Sasa ilikuwa haifiki 25. Plagi inatoka nyeusi tii. Fundi wa tatu akaangalia plagi, akaangalia moshi, akasema ringi, pete za pistoni, zimekwisha: silinda ichongwe, pistoni ya saizi ya juu inunuliwe. Mzee akaomba muda wa kutafuta fedha, na ndani ya muda huo jirani yake akamwelekeza kwangu.

Asubuhi ya kwanza

Alifika akiisukuma.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, kijana wangu. Nimekuletea mgonjwa wa kuchongwa silinda."

"Tutaangalia, Mzee. Kabla sijaigusa, nieleze ilikotoka."

Tukakaa kwenye benchi karibu nusu saa. Niliuliza imetoka wapi, imesimama muda gani, nani kafungua nini, nini kilibadilika baada ya kila fundi. Hapo ndipo Tanga ikatokea, na miezi 14, na kichupa cha vidonge kikatoka mfukoni mwa koti. Nikaandika yote. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa tayari na spana namba 10 mkononi, anasubiri nimwambie ashushe kabureta. Nikamwambia aiweke chini kwanza.

Plasta kwenye resi

Kabureta ya aina hii ina njia kadhaa za mafuta, na kila njia inatawala sehemu yake ya resi. Resi ikiwa imefungwa hadi imefunguka kidogo, kama sehemu ya nane, mafuta yanapita kwenye slojeti. Kutoka hapo hadi robo, mkato ulio chini ya pistoni ya kabureta, ile inayopandishwa na waya wa resi, ndio wenye sauti. Kuanzia robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia chini ya pistoni hiyo. Kutoka robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Zinaingiliana mipakani, lakini mgawanyo huo unatosha kumwonyesha fundi mlango wa kugonga.

Tatizo ni kwamba mwenye pikipiki hasemi "inasumbua kwenye robo ya resi". Anasema inasumbua nikiwa mwendo mdogo, au nikipanda mlima. Mwendo na ufunguzi wa resi ni vitu viwili: unaweza kwenda taratibu kwenye kilima na resi iko wazi yote.

Kwa hiyo nilikata kipande cha plasta nyeupe, ile ya kidonda, nikakibandika kwenye mpira wa resi. Pembeni, kwenye kifuko cha swichi ambacho hakizunguki, nikachora mstari mmoja kwa kalamu. Resi ikiwa imefungwa nikaweka alama kwenye plasta mkabala na ule mstari. Ikiwa wazi yote nikaweka nyingine. Katikati nikagawa robo, nusu, robo tatu. Kazi ya dakika tano. Kisha nikaipasha injini na kupanda nayo barabara ya kilima nyuma ya mji, macho yakishuka kwenye plasta kila inapobadilika.

Kutoka sifuri hadi robo ilikuwa inapiga chafya kwa nyuma kupitia kabureta, na nikiachia resi kwenye mteremko ekzosi inalipuka pa-pa-pa. Nikivuta choki nusu inatulia. Hiyo ni njaa: hewa nyingi, petroli kidogo, na choki inaziba hewa kwa hiyo inapata nafuu.

Robo hadi nusu ilikwenda, ingawa nzito.

Robo tatu hadi mwisho ilivimba. Sauti inakuwa nene na yenye kigugumizi, moshi mweusi nyuma, na nikirudisha resi kidogo ndiyo kwanza inakimbia zaidi. Nikigusa choki hapo, hali inakuwa mbaya zaidi. Hiyo imevimbiwa.

Pikipiki moja ilikuwa na magonjwa mawili yanayopingana, na fundi wa pili alitibu moja kwa dawa iliyozidisha lingine. Tangu hapo nilijua silinda si adui, lakini kujua kichwani hakutoshi mbele ya mtu ambaye ameshaambiwa achonge. Ilibidi nipime.

Nilivyozunguka nje ya kabureta

Plagi ilikuwa na masizi makavu, yale ya chungu cha kuni. Ukipitisha kidole yanatoka kama unga. Plagi ya injini inayokula oili inakuwa na unyevu, inang'aa, na moshi wake una ubuluu. Huu ulikuwa mweusi. Dalili ya kwanza dhidi ya hukumu ya ringi.

Nikafunga geji ya kompresheni, inayopima mgandamizo ndani ya silinda, resi wazi yote, kiki saba. Baa 9.5. Nikatia kijiko kimoja cha chai cha oili kupitia tundu la plagi, nikapiga kiki tena: 10. Ringi zikiwa zimekwisha, oili inaziba mwanya kwa muda na namba inapanda sana. Hii ilipanda nusu baa tu. Kwa injini ya umri huo, na kwa urefu tulio nao ambako hewa yenyewe ni nyepesi, sikuona sababu yoyote ya kugusa silinda. Nilimwita Mzee aione geji kwa macho yake.

Tepeti, ile mianya ya valvu, zilikuwa zimekaza, nikazirudisha kwenye 0.08 milimita injini ikiwa baridi. Cheche ilikuwa nzuri. Chujio la hewa la sponji lilikuwa limeloweshwa oili mpaka linadondosha. Nikalikamua na kuliosha. Nilifungua na kifuniko cha tanki nikasikiliza, maana tundu lake la hewa likiziba injini inakufa kama iliyoishiwa. Lilikuwa wazi.

Kisha maungio ya kabureta. Wengi hupuliza petroli au dawa ya kabureta kwenye maungio injini ikiwa inawaka, wakisikiliza sauti ibadilike. Mimi natumia chupa ya maji ya kunyunyizia maua. Mahali panapovuta hewa, maji yanaziba ufa kwa sekunde moja na sauti inageuka, wala hakuna kitu cha kushika moto juu ya ekzosi. Kijana wangu alishika resi isizime, nami nikanyunyiza. Upande wa kushoto wa kabureta, pale inapokutana na kichwa cha silinda, injini ikabadilika sauti papo hapo.

Ndani

Tuliposhusha kabureta ufa ulijieleza. Boliti zimekazwa kupita kiasi mpaka masikio mawili ya uso wa kabureta yamejikunja kuelekea injini, na katikati pamebaki na mwanya. Oringi, pete ya mpira ya kuziba maungio, ilikuwa bapa kama chapati. Ukiweka rula juu ya uso na kuielekeza kwenye mwanga, unaona mstari mweupe katikati.

Hapo tulifanya kazi ninayoipenda kuliko zote gereji. Nina kipande cha kioo cha dirisha, kinene, kilichonyooka. Juu yake tunalaza msasa namba 400 uliolowana, na uso wa kabureta unasuguliwa taratibu kwa mwendo wa namba nane, bila kukandamiza. Mwanzoni alama ya kijivu inayong'aa inatokea kwenye masikio tu. Unasugua, unafuta, unaangalia. Alama inatambaa kutoka pembeni kuja katikati, kama maji yanavyoingia kwenye jaruba, mpaka uso mzima unakuwa rangi moja. Ilichukua dakika 40. Kijana alitaka kuacha zilipobaki milimita tatu hivi katikati. Nikamwambia hewa haihitaji zaidi ya hapo. Ukimaliza, osha kabureta nzima, kwa sababu unga wa msasa ni sumu kwa jeti.

Bakuli lilikuwa na ukoko wa kahawia, kama asali iliyokauka chini ya kikombe. Slojeti iligoma. Nilipasha mwili wa kabureta kwenye maji ya moto, nikachonga kwa uangalifu mfereji mpya kichwani mwa jeti kwa msumeno mdogo, nikatumia bisibisi inayojaa mfereji wote. Ikatoka. Nikaielekeza juani: giza. Tundu la slojeti ni jembamba kuliko nusu milimita, na ukoko kidogo tu unalifunga. Tukailoweka usiku kucha kwenye dawa ya kusafishia kabureta, asubuhi tukapitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, tukapuliza. Nikaielekeza tena juani, na safari hii jua lilionekana, nukta moja ya duara safi. Nikampa kijana aangalie. Kisha nikampa jeti kubwa ile ya 110 aangalie na yenyewe kwa kioo cha kukuzia. Tundu lake halikuwa tena duara, lina mikwaruzo ya waya wa chuma. Jeti ni ya shaba nyeupe, laini. Chuma kikipita kinaichonga, na namba iliyoandikwa juu inakuwa haina maana tena.

Klipu ya sindano ilikuwa mfereji wa chini kabisa, yaani sindano imepandishwa hadi mwisho. Nikairudisha katikati.

Usawa wa petroli ndani ya bakuli niliupima kwa mpira unaoonyesha. Unauchomeka kwenye tundu la kumwagia chini ya bakuli, unaupandisha pembeni, unafungua skrubu ya kumwagia, na petroli inapanda kwenye mpira mpaka inalingana na ile ya ndani. Ilikaa chini kidogo ya mstari wa gasketi, mahali pake.

Na hapa nilifanya kosa. Niliiona koki, nikaona petroli inashuka vizuri, nikaiacha. Sikuitoa.

Jeti na mlima

Ilibaki kuamua jeti kubwa. Ile ya kichupa cha vidonge, 100, ilikuwa imechokonolewa kidogo, lakini namba yake ilituambia Tanga ilikuwa inatembea na nini. Kwa mita 1,800 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko pwani. Kabureta haipimi uzito wa hewa, inahisi mvuto tu, na petroli haipungui kwa kiasi kilekile. Matokeo yake mchanganyiko unaelemea upande wa petroli kwa kama asilimia 9. Ukitaka kuurudisha, tundu la jeti linapaswa kupungua kipenyo kwa asilimia nne na kitu: kutoka 100 kwenda kwenye 95 au 96.

Ningeweza kufunga 95 moja kwa moja. Nikaamua kwanza nifunge 100 mpya, nipande kilima kilekile na plasta ileile, ndipo nibadilishe. Iligharimu nusu siku. Sababu yangu ni kwamba tayari nilikuwa nimegusa vitu vitano, na hesabu ya karatasini haijui hali ya injini ya zamani. Na 100 ilikwenda vizuri sehemu zote, isipokuwa ile robo ya mwisho ambako bado ilikuwa na uzito. Kwa 95 uzito ukaisha. Nikaizima injini resi ikiwa bado wazi, juu ya kilima, nikatoa plagi mpya niliyokuwa nimeifunga: rangi ya chai ya maziwa.

Skrubu ya hewa niliimalizia injini ikiwa ya moto, kutoka mzunguko mmoja na nusu, nikitafuta mahali ambapo sailensa inapanda juu zaidi na kutulia, kisha nikashusha sailensa kwa skrubu yake. Kijana aliniuliza kwa nini kwenye kabureta nyingine kuikaza kunaongeza petroli na kwenye nyingine kunapunguza. Angalia iko upande gani wa pistoni ya kabureta. Ikiwa upande wa chujio la hewa, inapima hewa, ukiikaza petroli inazidi. Ikiwa upande wa injini, inapima mchanganyiko, ukiikaza unapunguza.

Mzee aliondoka jioni, anaimba.

Siku ya tisa

Akapiga simu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kibanda kizima kinanuka petroli.

"Mzee, umepiga kiki?"

"Bado."

"Usipige, tafadhali. Funga koki, fungua mlango, mtu asiwashe jiko karibu. Nakuja."

Pikipiki ilikuwa imelala kwenye stendi ya pembeni usiku kucha, koki wazi. Chini palikuwa na unyevu kidogo tu, na hilo ndilo lililonitisha: petroli nyingine imekwenda wapi? Nikatoa kijiti cha oili. Usawa uko juu kupita alama, oili nyepesi kama maji ya chai, na inanuka petroli. Tulipoimwaga ilitoka zaidi ya lita moja na robo kwenye injini inayochukua chini kidogo ya lita moja.

Chembe moja ya kutu, ndogo kuliko punje ya ulezi, ilikuwa imekaa kwenye kiti cha sindano ya boya, ile inayofunga petroli bakuli likijaa. Boya likipanda, sindano haifungi, bakuli linafurika. Petroli ilitakiwa itokee kwenye kibomba cha kumwagia ziada, lakini kibomba kilikuwa kimeziba kwa ukoko ambao sikuuona, basi ikapita kooni mwa kabureta hadi kwenye silinda, ikateremka kwenye oili. Angepiga kiki na kuondoka, injini ingekuwa inazungukia petroli.

Nikatoa koki niliyoiacha. Wavu wake haupo. Mzee akakumbuka: mmoja wa mafundi aliutoa akisema unapunguza mafuta. Nikamulika tochi tangini, ukutani kutu imejipanga magamba magamba.

Tanki tuliliosha kwa kokoto ndogo na sabuni, tukalitikisa kwa zamu, tukaacha siki nyeupe humo siku mbili, tukasuuza kwa maji yenye magadi soda, tukakausha siku hiyohiyo juani na kulisuuza kwa petroli yenye oili kidogo ili kutu isirudi. Anayefikiria kulichomea au kulikausha kwa moto, tanki lililomwagwa petroli ni hatari kuliko lililojaa, maana lina mvuke. Wavu mpya kwenye koki, chujio linaloonyesha kwenye mpira wa petroli, sindano mpya ya boya, kibomba kikazibuliwa. Oili nilibadilisha mara mbili: mara moja kabla ya kuwasha, na tena baada ya kilomita 50. Gharama hiyo yote nilibeba mimi, kwa kuwa kosa lilikuwa langu.

Matokeo

Miezi mitano sasa. Inawaka kiki ya pili asubuhi ya baridi ikiwa na choki, na baada ya dakika moja au mbili choki inarudishwa. Lita moja inampeleka kilomita 38. Pistoni na silinda ni zilezile. Chujio la kwenye mpira lilikusanya vumbi jekundu wiki tatu za kwanza, tukalibadilisha, la sasa ni safi.

Uchambuzi

Kilichookoa silinda ni maswali ya nusu saa, plasta, na kijiko cha oili. Hakuna hata kimoja kinachohitaji fedha. Nasikitika kila ninapowaza ni injini ngapi zinachongwa kwa sababu ya plagi nyeusi, wakati geji ya kompresheni ingemaliza ubishi kwa dakika kumi. Rangi ya plagi inakwambia injini imekula nini. Kwa nini imekula hivyo, ni lazima upime.

Fundi wa pili alisikia dalili vizuri ila hakujiuliza iko sehemu gani ya resi. Njaa ya chini huwezi kuiponya kwa jeti ya juu. Unaweza kuificha kidogo kwa kupandisha sindano, na ndiyo hatari yake, kwa sababu mteja anaondoka akiona nafuu. Kukaza boliti pia kulikuwa na nia njema: alihisi hewa inaingia, akaifungulia mlango mpana zaidi.

Kubadilisha kitu kimoja kwa wakati kulifanya kazi kwenye jeti, lakini ukweli ni kwamba sikukufuata siku ya kwanza. Tepeti, chujio na uso wa kabureta nilivirekebisha kwa pamoja. Nadhani ni halali kwa vitu ambavyo vipimo vyake vinajulikana, tepeti ya 0.08 ni 0.08. Vile vya kurekebishwa kwa kusikiliza ndivyo vinavyotaka kimoja kimoja.

Kosa langu la koki nimelitafakari sana. Nilijua pikipiki imesimama miezi 14 na tanki nusu. Nusu ya juu ya tanki ilikuwa hewa ya unyevu na chuma kitupu, na mahali pa namna hiyo kutu haikosi. Taarifa nilikuwa nayo kwenye daftari, mwandiko wangu mwenyewe, nikaitumia kueleza slojeti na nisiipandishe sentimita 30 juu hadi tangini. Sasa kwangu kabureta ya pikipiki iliyosimama haifungwi mpaka koki imetolewa na tochi imeingia tangini. Pia sikumwambia Mzee afunge koki kila usiku. Kwa pikipiki ya zamani sindano ya boya ni mlinzi wa pili. Wa kwanza ni koki.

Wengi watauliza kwa nini sikununua kabureta mpya ya Uchina. Zipo dukani, zinaingia, na kuna siku nazifunga. Lakini inakuja na jeti za kiwandani zisizojua mlima, ungebaki na kutu ileile ya tanki, na uso wake laini ungejikunja vilevile kwa boliti zilezile. Mwili wa kabureta ya Mzee ulikuwa mzima. Kisichokuwa kizima sana ni pistoni yake, imelika upande mmoja, na ukiitikisa unasikia inagonga. Kwa sasa inakaa sailensa. Siku sailensa ikianza kupanda na kushuka yenyewe, huku maji ya chupa hayaonyeshi ufa popote, nitamwambia Mzee wakati wake umefika.

Ana mpango wa kushuka nayo Tanga kumsalimia dada yake. Akiwa kule na 95, resi wazi yote, injini itakuwa na njaa juu na joto litapanda hadi kwenye pistoni. Jeti mpya ya 100 iko kwenye kile kichupa cha vidonge, chini ya kiti, pamoja na bisibisi inayojaa mfereji wake. Juu ya kichupa nimebandika plasta na kuandika kwa kalamu: PWANI.